Bahasha Namba Kumi na Nne

Asubuhi katika nyanda za juu kusini mwa Eldoret huja polepole, kama mgeni asiyejua mlango ulipo. Kwanza huja ukungu, ukalala juu ya viazi na mahindi. Kisha husikika ndoo zikigongana na kengele za ng'ombe. Mwishowe jua huchungulia upande wa Burnt Forest, nalo likiwa limefifia kama taa iliyobakiwa na mafuta kidogo. Saa hiyo ndipo Jerop hubeba mkebe wake wa maziwa kuupeleka kwenye kibanda cha kukusanyia kando ya barabara.

Njia yake hupita mteremko wa Sosiet. Sasa hivi mteremko huo umejaa miche ya saipresi iliyopangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, na katikati ya mistari kuna visiki vya kijivu ambavyo hakuna aliyejisumbua kuving'oa. Jerop akifika hapo hupunguza mwendo. Hasimami, kwa maana maziwa hayangoji mtu, lakini miguu yenyewe huwa mizito, na moyo wake hurudi nyuma miaka mitatu, kwenye zile siku kumi za mwezi wa saba.

Wakati huo mteremko wa Sosiet ulikuwa msitu. Kulikuwa na mitarakwa iliyonyooka kama nguzo za kanisa, podo zenye vivuli vizito, na mizeituni mwitu iliyopindana kama wazee wanaosemezana. Kila shina lilikuwa limevaa nguo. Mengine yalikuwa na ndevu za kijivu zilizoning'inia hadi begani mwa mtu, na mengine yalifunikwa zulia la kijani lililokuwa laini kuliko manyoya ya kondoo. Jerop alikuwa amelelewa humo. Mama yake alipofariki, yeye akiwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la nane, alibaki nyumbani kuchunga ng'ombe wa Kogo, yaani nyanya yake. Msitu huo ukawa shule yake ya sekondari.

Siku moja ya baridi kali, gari la kijani lilisimama mbele ya boma lao. Alishuka mama mmoja mfupi, mchangamfu, mwenye buti za mpira na daftari kubwa kifuani. Aliitwa Nanzala, mwalimu wa chuo kimoja mjini. Nyuma yake alishuka kijana mrefu aliyevaa sweta tatu, moja juu ya nyingine. Huyo alikuwa Obiero, mwanafunzi wake kutoka huko chini karibu na ziwa.

Nanzala alieleza kilichowaleta. Ofisi ya msitu ilikuwa imepanga kukata mteremko wa Sosiet ili ipande saipresi. Hata hivyo, ilikubali kungoja utafiti wake kwanza. Kama pangepatikana kimea adimu, na ikajulikana hasa kinapenda mahali gani, basi sehemu zote za aina hiyo zingeachwa zisimame. Alichotafuta kilikuwa ndevu na mazulia yale ya miti. Zile ndevu na magamba ya kijivu yeye aliyaita kuvumwani.

Kogo alicheka hadi shuka likamteleza begani.

"Mnatafuta ndevu za miti? Mimi nimewatandikia kuku wangu ndevu hizo miaka yote wakiatamia, na hakuna mtu wa chuo aliyekuja kuniuliza."

"Basi kuku wako wamelala kitanda cha kifalme, Kogo," Obiero akasema, huku akipuliza viganja vyake. "Na mimi ningeomba kitanda hicho. Huku kwenu ni kama Mungu alisahau kufunga friji."

"Ndiye huyo atakayeingia msituni?" Kogo akamuuliza Nanzala kwa upole. "Mpe maziwa kwanza, asije akafia kwangu."

Walitaka mtu anayeijua miti kwa majina na njia kwa usiku na mchana. Kogo alimwelekezea Jerop kidevu tu.

"Umesoma hadi wapi?" Nanzala aliuliza.

"Darasa la nane, Madam," Jerop alijibu akitazama chini.

"Sawa kabisa," akadakia Obiero. "Mimi nina miaka mitatu ya chuo na bado siwezi kutofautisha mtarakwa na mlingoti wa bendera. Wewe ndiwe Profesa wetu."

Jina hilo la Profesa lilimganda kama kupe. Hata leo, akilikumbuka, Jerop hutabasamu peke yake njiani.

Kazi ilianza kesho yake. Kila mti uliochaguliwa ulipewa namba, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake kwenye fomu. Upande wa kushoto uliandikwa kilichoonekana: rangi yake, umbo lake, ukubwa wake. Upande wa kulia uliandikwa neno moja kubwa, MAKAO, na chini yake palikuwa na maswali mengi kuliko ya hakimu. Ni mti gani? Unene wake ni kiasi gani? Gome ni laini au lina mianya? Kimea kimeota upande gani wa shina, na urefu gani kutoka ardhini? Kivuli ni kizito au jua linapenya? Maji yako umbali gani? Kisha kipande kidogo kilitiwa ndani ya bahasha ya karatasi, na bahasha ikaandikwa namba ile ile.

"Upande wa kushoto," Nanzala alimfundisha, "naweza kuujaza hata nikiwa mezani kwangu, kipande kikiwa mbele yangu. Huu wa kulia hujazwa hapa tu, mbele ya mti. Kipande kisicho na makao ni kama mtoto aliyeokotwa stendi. Utamwogesha, utamvisha, lakini hutajua umrudishe kwa nani."

Jerop alishika kazi kwa bidii ya mchwa. Alipewa lenzi ndogo ya kuning'iniza shingoni, na alipoitazamia gome mara ya kwanza, alisogea hadi pua ikagusa shina. Ndani ya kile alichodhani ni kutu ya mti mlikuwa na msitu mwingine mzima, wenye vikombe, matawi na matone ya maji yaliyong'aa kama shanga za bibi harusi. Alitazama hadi shingo ikamuuma.

"Profesa," Obiero aliita, "umeona nini huko, ama umepata mchumba?"

"Nimeona kwenu," Jerop alijibu bila kuondoa jicho. "Kuna joto na samaki."

Walicheka hadi ndege wakaruka. Hivyo ndivyo zilivyokuwa siku zile. Saa sita walikaa juu ya gogo moja lililoanguka, wakachoma viazi kwenye majivu, wakanywa chai ya maziwa kutoka chupa moja. Nanzala aliwasimulia alivyokuwa akifukuzwa na mbwa huko kwao Bungoma akichungulia kuvumwani kwenye kuta za watu. Obiero alikohoa, akavuta sweta zake, akaapa kwamba akirudi kwao hatauacha mwanga wa jua hata kwa dakika moja. Jerop hakuwahi kukaa na watu waliomsikiliza namna ile. Akisema mti huu hulia maji asubuhi, Nanzala aliandika. Akisema gome hili huchubuka wakati wa kiangazi, Nanzala aliandika.

Jioni moja, akikamua ng'ombe, alimweleza Kogo jinsi walivyofikia mti wa mia na hamsini. Kogo alikunja uso.

"Mnaihesabu?"

"Na kuiandika, Kogo. Kila mmoja na namba yake."

"Sisi hatukuhesabu ng'ombe. Ukianza kuwanyooshea kidole, huyu mmoja, huyu wa pili, unaita jicho baya. Mali hujulikana kwa uso. Jioni wakirudi, unasimama langoni, unawatazama. Akikosekana mmoja, pengo lake unaliona kama jino lililong'oka. Sasa daftari la nini?"

Jerop hakubishana naye, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwahesabu ng'ombe wao, na hakuwahi kupoteza hata ndama. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa namna ya kutembea. Na miti ya Sosiet aliijua vivyo hivyo. Kulikuwa na ule wenye tumbo, ule wenye goti, na ule wa mbele ya kijito uliosimama mguu mmoja kama korongo. Maneno ya Kogo yalimwingia yakakaa.

Siku ya tisa Nanzala aliitwa mjini kwenye mkutano, naye Obiero aliamka na homa, akabaki kwa Kogo akinyweshwa uji. Ilibaki miti ishirini ya mwisho, ile ya juu ya mteremko, iliyopewa namba upya kuanzia moja.

"Leo wewe ndiwe Madam," Nanzala alimwambia akiwasha gari. "Nenda polepole. Heri mti mmoja uliojazwa vizuri kuliko ishirini ya kukimbia."

Jerop alipanda kilima akiwa na fomu kifuani, na kichwa chake kiligusa mawingu. Miti mitano ya kwanza aliijaza kama alivyofundishwa. Alizungushia utepe shina, akapima urefu, akaandika upande, kivuli na maji, hakubakisha kitu. Alipofika kwenye mti wa sita alianza kujiona kama mtu anayefanya mzaha. Mti huo alikuwa ameukwea akiwa na miaka minane. Kuuandikia makao kulikuwa sawa na kumwandikia Kogo jina lake kwenye paji la uso. Msitu wenyewe huku juu ulikuwa ule ule, aliouona kila siku. Akashika kalamu, akaandika maneno mawili: kama juu. Mti wa saba, kama juu. Wa nane, kama juu. Hakuwa mvivu, wala mvua haikumtisha. Alikuwa na uhakika, basi.

Mti wa kumi na nne ndio ulionyesha kitu kigeni. Kilikuwa kigamba kidogo sawa na kifungo cha shati, rangi ya majivu, na ukingo wake ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Alikitazama kwa lenzi mpaka pumzi yake ikakitia ukungu kioo. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Alikata kipande kidogo kwa kisu, akakitia ndani ya bahasha, akaandika namba kumi na nne kwa mwandiko wake safi. Upande wa kushoto aliujaza kwa upendo, neno baada ya neno. Upande wa kulia aliandika kama juu. Moyoni alijiambia, mti huu, mimi, niusahau?

Jioni Nanzala aliporudi, alizipitia fomu akiwa amesimama kando ya gari.

"Hapa umeandika kama juu mara kumi na tano."

"Ile miti naijua, Madam. Wakati wowote ukitaka, nitakuonyesha kwa mkono wangu."

Nanzala alimtazama, akatazama mawingu. "Basi kesho turudi tuijaze."

Lakini kesho yake ilinyesha mvua ya kuvunja matawi. Njia ikawa uji wa matope, na Obiero alikuwa anatetemeka, akihitaji kupelekwa hospitali mjini. Nanzala alizifunga fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Tutarudi." Akamkumbatia Kogo. Obiero, akiwa amefungwa blanketi kama mtoto mchanga, alinyoosha mkono nje ya dirisha la gari.

"Profesa, usiache mtu aharibu chuo chako."

Gari likaondoka, na boma likawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Miezi ilipita kabla safari hiyo haijapatikana. Fomu zilipelekwa ofisini, na kwa kuwa hazikuonyesha mahali palipotofautiana na pengine, misumeno ilianza kazi mwezi wa kumi na mbili, kuanzia juu ya mteremko. Jerop aliisikia kila siku ikinguruma. Alijikaza kisabuni, akijiambia kwamba Madam anajua anachofanya.

Mwezi wa kwanza, simu ikalia.

"Jerop," sauti ya Nanzala ilikuwa ya haraka, "bahasha namba kumi na nne. Nimeipeleka kwa wataalamu, na wote wanasema kitu kile hakijawahi kuandikwa katika milima hii yetu. Niambie, kilitoka mti gani?"

Jerop aliishika simu kwa mikono miwili. "Naujua, Madam. Njoo."

Nanzala alifika siku iliyofuata, wakapanda mteremko pamoja na Amos, askari wa msitu, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi. Mkononi alikuwa amebeba mkebe wa rangi nyekundu.

"Mkuu amesimamisha msumeno hadi Ijumaa," alieleza. "Nusu ya juu imekwisha kukatwa. Nusu ya chini bado imesimama. Nionyesheni kitu hicho kinapenda miti gani, nami nitaipaka rangi miti ya aina hiyo yote huko chini. Nikiipaka, hakuna atakayeigusa. Lakini siwezi kupaka msitu mzima."

Walifika juu. Jerop alisimama, akatafuta kwa macho ule mti wenye tumbo ili aanzie hapo. Haukuwapo. Akatafuta lile gogo walilokalia wakila viazi. Lilikuwa limeburutwa likapasuliwa. Njia ya ng'ombe ilikuwa imechimbwa na matairi ya trekta, ikageuka kuwa mitaro mitano isiyoelekea popote. Mbele yake palikuwa na visiki, na kisiki hakina goti, hakina tumbo, hakina uso. Alitembea kutoka kimoja hadi kingine akivigusa, kama mtu anayetafuta nduguye katikati ya waliofunikwa shuka.

"Dada, ni hiki?" Amos aliuliza.

"Sijui."

"Ama kile?"

"Ngoja kidogo."

Nanzala alimshika bega. "Sahau mti. Niambie makao tu. Ulikuwa mtarakwa au mzeituni?"

"Nadhani... mzeituni. La, podo. Gome lilikuwa..." Jerop alifumba macho.

"Upande wa kijito au upande wa mlima? Kilikuwa kwenye jua au kwenye kivuli?"

Akiwa amefumba macho, yote yalimjia. Alisikia harufu ya gome lililolowa. Aliihisi baridi ya lenzi kwenye kope lake. Aliukumbuka hata wimbo aliokuwa akiuvumisha, na ladha ya chai iliyokuwa imepoa, na ule ukingo wa manjano kama kiini cha yai. Furaha ya siku ile ilikuwa yote humo, haikupungua hata tone. Lakini jua lilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto, maji yalikuwa karibu au mbali, gome lilikuwa laini au lenye mianya, hayo hayakuwamo. Moyo ulikuwa umehifadhi ulichokipenda, ukaacha kilichohitajika.

"Sikumbuki, Madam," akasema, na machozi yakamtoka.

Kwa siku tatu walizunguka nusu ya chini, lenzi zikiwa machoni, wakitazama shina baada ya shina. Miti ilikuwa zaidi ya elfu. Ijumaa mchana Amos alisimama mbele yao, brashi mkononi.

"Nipake wapi?"

Alingoja kwa heshima, kama anavyongoja mtu msibani, kisha akashuka akapaka rangi miti michache ya ukingoni mwa kijito ambayo haikatwi kwa vyovyote. Jumatatu misumeno ikalia tena.

Jioni hiyo Kogo alimkuta Jerop langoni, ng'ombe wakiingia mmoja mmoja. Alisimama kando yake, akawatazama.

"Mimi ndimi niliyekupotosha," alisema. "Ng'ombe hurudi nyumbani jioni, umwone uso. Mti hauna jioni."

Mwaka jana Jerop alikwenda mjini kumwona Nanzala. Alipelekwa kwenye chumba chenye makabati ya chuma, na droo moja ikavutwa. Ndani yake ililala bahasha yake ile ile, na juu yake kulikuwa na kibandiko kilichochapwa vizuri. Alikisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kuvumwani, aina ambayo haijapata jina. Aliyeipata: Jerop, wa Sosiet. Makao: hayajulikani. Nanzala alimwambia kwamba wametafuta misitu yote ya jirani, na hadi leo hawajakipata kingine. Jerop aliirudisha bahasha mahali pake, akaisukuma droo taratibu hadi ikafunga, na wala hakuhitaji mtu wa kumweleza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.